Je, Wajua? Ulevi Huachwa kwa Kikao

Barabara ya A3 huanzia Thika, hupita Matuu, Mwingi na Garissa, ikaambaa hadi Dadaab na kukomea Liboi, ambako Kenya inaishia na Somalia inaanza. Ukisema unatafuta habari za watu walioacha pombe, hakuna atakayekuelekeza huko. Wakazi wengi wa Liboi ni Wasomali Waislamu, na pombe kwao ni haramu. Mimi nimeanzia huko makusudi. Mji unaojua kujizuia kwa pamoja una mengi ya kutuambia kuhusu kuacha, na dunia nayo ina visa vya waraibu ambavyo vingechangamsha baraza lolote la chai pale mpakani. Jimiminie kikombe.

Liboi ilitangulia Dadaab

Kabla dunia haijalijua jina la Dadaab, wakimbizi walikuwa tayari wamejaa Liboi. Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilianguka Januari 1991, watu wakavuka mpaka hapa kwa maelfu na kambi ikasimama. Baadaye walisogezwa ndani zaidi ya nchi, kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilizofunguliwa kati ya 1991 na 1992. Mwaka 2006 Liboi ilikuwa bado na kituo cha mapokezi. Kilifungwa Januari 2007 pamoja na mpaka wenyewe, na aliyevuka baada ya hapo alikuwa na kilomita kama 80 za jua na vumbi mbele yake kabla ya kufika Dadaab.

Kupotelewa na jamaa, kukaa bila kazi na kuwa mbali na watu wako ni mambo yanayojulikana kumsukuma binadamu kwenye kilevi cha aina yoyote. Mpakani yote hukutana, na anayedhani katazo la dini peke yake humaliza habari hajawahi kukaa huko.

Mji uliomwaga pombe siku moja

Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari, Anas bin Malik anasimulia kwamba alikuwa kijana anayewamiminia watu kinywaji cha tende nyumbani kwa baba yake wa kambo, Abu Talha, mjini Madina. Mara ikasikika sauti ya mpiga mbiu nje. Abu Talha akamwambia atoke asikilize kuna nini. Alipoleta habari kwamba pombe imeharamishwa, aliambiwa aimwage, naye akaimwaga. Hawakuwa peke yao: pombe ilitiririka kwenye vichochoro vya Madina siku hiyo.

Kinachonivutia zaidi ni kilichotangulia. Katazo halikushuka kwa mkupuo. Kwanza watu waliambiwa kwamba madhara ya pombe yanazidi manufaa yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, na mwishowe mlango ukafungwa kabisa. Ukizitazama sala tano za siku, utaona kwamba hatua ile ya pili peke yake ilimwachia mnywaji muda mfupi sana wa kulewa na kulevuka. Na siku ya mwisho ilipofika, hakubaki jirani wa kumkonyeza mwenzake amkaribishe kikombe cha mwisho.

Saa 13 na ushee, kila mwaka

Liboi iko kilomita zipatazo 40 tu kaskazini ya ikweta. Kwa hiyo mfungo wa Ramadhani pale hauchezi: uangukie Januari au Julai, kutoka alfajiri hadi magharibi ni takriban saa 13 na ushee, wakati Mwislamu wa Oslo anaweza kufunga saa chache zaidi Desemba na karibu siku nzima Juni.

Mvuta sigara anayeapa kwamba hawezi kumaliza saa mbili bila moshi humaliza saa hizo 13, siku 29 au 30 mfululizo, na hadhani amefanya miujiza. Sababu moja ni imani. Nyingine ni kwamba hakuna anayevuta mbele yake, hoteli hazipiki mchana, na watu wote wanasubiri adhana ileile. Si ajabu kwamba wahudumu wa afya katika nchi nyingi za Kiislamu huutumia mwezi huu kuwahimiza wavutaji waanze safari ya kuacha moja kwa moja.

Majani yanayoshindana na saa

Miraa ina nguvu kwa muda wa kama saa 48 tu baada ya kuchumwa. Kiini chake, kathinoni, huanza kuvunjika na kugeuka kitu hafifu zaidi mara tawi linapokatwa, na ndiyo maana magari yanayoitoa Maua na vijiji vya Igembe huendeshwa kwa mwendo unaowafanya wenzao barabarani wapishe haraka. Vifurushi hufungwa kwa majani ya mgomba ili visikauke. Mwisho wa safari, katika miji ya Kaskazini Mashariki, wauzaji mara nyingi ni akina mama, na wengi wamesomesha watoto kwa biashara hiyo.

Shirika la Afya Duniani liliiweka miraa kwenye orodha ya vitu vya uraibu mwaka 1980, likieleza kwamba utegemezi wake ni wa kiasi, si mkali. Somalia iliipiga marufuku 1983. Uingereza ikafuata Juni 2014. Lakini ingia kwenye mafrishi yoyote, chumba cha kuchania miraa, alasiri uone kinachouzwa kwa kweli: mikeka, mito ya kuegemea, chai tamu, bablishi, na mazungumzo yanayoanza na bei ya ngamia yakaishia siasa za Mogadishu. Mzee anayechana miraa hapo haji kwa ajili ya majani tu. Nyumbani ukimwambia aache, unamwambia pia aache marafiki zake wa miaka 20, na hapo ndipo ushauri mwingi mzuri hukwama.

Kilevi kinachoita kilevi

Ethiopia wachanaji wana jina la pombe inayonywewa baada ya miraa ili kuushusha mshtuko na kuuleta usingizi: chebsi. Mtu aliyeanza na majani anajikuta na mazoea mawili, moja la kumwamsha na jingine la kumlaza. Familia huona chupa tu na kushangaa ilitoka wapi.

Zaidi ya Kaunti ya Garissa nzima

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya milioni 1.3 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wana uraibu wa pombe, yaani mmoja kati ya kila 20. Kaunti ya Garissa yote, kuanzia Liboi hadi Ijara, ilikuwa na watu 841,353 katika sensa ya 2019. Wajaze waraibu hao Garissa, na nafasi haitoshi.

Bia ya mwisho ilitolewa na mshauri wake

Hiki ndicho kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mei 1935, mfanyabiashara wa New York aitwaye Bill Wilson alikuwa amesimama kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower mjini Akron, Ohio. Biashara iliyompeleka imekufa, mfukoni hana kitu, na ana miezi michache tu tangu aache pombe. Upande mmoja kelele za baa zinamwita. Upande wa pili kuna simu na orodha ya makanisa ya mji. Alikwenda kwenye simu, akapiga kwa mchungaji mmoja asiyemjua, akauliza jambo ambalo hakuna mgeni huuliza: je, kuna mlevi yeyote hapa mjini ninayeweza kuzungumza naye?

Angalia vizuri alichoomba. Hakuomba daktari wala sala. Aliomba mlevi mwenzake, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba akimsaidia mwingine, yeye mwenyewe hanywi. Baada ya simu kadhaa akapelekwa kwa daktari mpasuaji, Bob Smith, ambaye alikubali kukutana naye kwa dakika 15 tu, ili kumridhisha mke. Walizungumza zaidi ya saa sita.

Dokta Bob aliteleza mara moja zaidi, alipokwenda kwenye mkutano wa madaktari Atlantic City. Aliporudi alikuwa na mgonjwa wa kumpasua na mikono inamtetemeka. Asubuhi hiyo Bill akampa chupa moja ya bia, mikono itulie. Ilikuwa bia ya mwisho katika maisha ya Dokta Bob. Tarehe inayotajwa ni 10 Juni 1935, na chama cha Alcoholics Anonymous (AA), ambacho leo kina watu wapatao milioni 2 katika nchi kama 180, huihesabu kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Walilazwa kwa ugonjwa wa tumbo

Mwaka 1939 hospitali nyingi za Marekani hazikutaka kumlaza mlevi. Katika hospitali ya St. Thomas, Akron, mtawa mdogo wa umbo, Sista Ignatia, aliyekuwa akisimamia upokeaji wa wagonjwa, alikula njama na Dokta Bob: mgonjwa wao aliandikiwa kwamba ana uvimbe mkali wa tumbo. Kitanda chake kikasukumwa kwenye chumba kidogo kilichotumika kutengenezea maua ya wagonjwa, ili apate faragha na wenzake walioacha pombe waweze kumtembelea.

Wawili hao waliwahudumia walevi zaidi ya 5,000 kabla Dokta Bob hajafariki mwaka 1950. Dawa waliyoisisitiza ilikuwa wageni: kila mgonjwa aketi na watu waliowahi kulala kwenye kitanda kilekile.

Kiatu cha Lois

Bill alipopona, mkewe Lois alipaswa kufurahi. Alifurahi, hadi siku moja mumewe alipomhimiza aharakishe wasichelewe kwenye mkutano, naye akamrushia kiatu kwa hasira. Alishangaa mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa amembeba mlevi, akafanya kazi dukani kumlisha, akamwombea; sasa kapona, na aliyemponya si yeye. Ni kundi la watu asiowajua.

Kutokana na hasira hiyo na mazungumzo ya wake waliokuwa wakiwasubiri waume zao nje ya vikao, Lois na rafiki yake walianzisha Al-Anon mwaka 1951, chama cha jamaa za walevi. Kila familia yenye mlevi inajua maana ya kuhesabu hatua za mtu akiingia usiku ili kujua amekuja katika hali gani. Mama anayeyajua hayo ana cha kumwambia mama mwenzake ambacho sheha, shehe wala daktari hana.

Baltimore mara mbili

Mji wa Baltimore umezaa vyama viwili vya kuacha ulevi, vikiwa vimepishana karibu miaka 150. Aprili 1840, marafiki sita waliokuwa wakinywa katika baa ya Chase waliahidiana kuacha, wakajiita Wawashingtonia. Katika miaka michache wafuasi wao walikuwa mamia ya maelfu, na Abraham Lincoln, kabla hajawa rais, aliwahutubia wa Springfield Februari 1842. Kisha wakaingia kwenye siasa na mabishano ya kila namna, na chama kikasambaratika karibu haraka kama kilivyokua. Ndiyo sababu AA, kilichokuja baadaye, kilijiwekea mwiko wa kutotoa maoni juu ya jambo lolote lisilohusu kuacha pombe: si kodi, si uchaguzi, si hata sheria za vileo. Kundi lina kazi moja.

Mwaka 1989, katika mji huohuo, Waislamu waliokuwa wakipambana na uraibu walianzisha Millati Islami. Walizichukua hatua 12 za AA na kuzipanga upya kwa misingi ya Uislamu, ili mtu asilazimike kuchagua kati ya msikiti na kikao. Mtu wa Liboi anayesita kuingia katika chumba cha mkutano kilichopangishwa kanisani ana sababu ya kulijua jina hilo.

Uamsho uliotubu hadharani

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, na daktari mmisionari kutoka Gahini, Rwanda, Joe Church, walikutana na kusali pamoja. Kilichofuata kiliitwa Uamsho wa Afrika Mashariki, na katika miaka ya 1930 na 1940 kikasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Waliookoka, Balokole, waliacha pombe, lakini mtindo wao ndio wa kushangaza: walikutana kila wiki, mmoja akasimama na kusema hadharani alichokosea tangu wiki iliyopita, na wenzake wakamwimbia.

Hawakuwa chama cha kutibu ulevi, na wapo waliowaona wanajipendekeza. Hata hivyo, miaka mingi kabla ya mtaalamu yeyote kutufungulia kituo cha ushauri nasaha, vijiji vya Afrika Mashariki vilikuwa na vikao ambamo mwanamume mzima alikiri kwamba alikunywa ada ya shule ya mtoto, na asicheke mtu.

Aliyenyimwa pesa akashukuru

Mwaka 1938 Bill na wenzake walimwendea tajiri John D. Rockefeller mdogo wakitarajia kupata fungu la kujenga hospitali na kuajiri watu. Rockefeller aliwapenda, akatoa dola 5,000, na akagoma kutoa zaidi, akihofia pesa zitaharibu kitu kizuri. Wakati huo walisikitika. Baadaye wakaigeuza kuwa kanuni: hakuna ada, hakuna ufadhili kutoka nje, kapu linapitishwa mwishoni mwa kikao na kila mtu anatia alichonacho, kama akina mama wa ayuuto, mchango wa kupokezana kwa zamu, wasioomba mhuri wa benki ili kuaminiana.

Kenya tumejaribu njia ya pili. Mwaka 2019 Kaunti ya Kiambu ilianzisha mpango wa Kaa Sober, ambamo maelfu ya wanywaji walilipwa shilingi 400 kwa siku wakifyeka nyasi na kuzibua mitaro, huku wakipewa ushauri. Gumzo lilikuwa kubwa: kuna waliosifu kwamba angalau mtu ana kazi mchana, na kuna waliouliza mlevi atapeleka wapi mia nne jioni. Mimi nadhani kazi ilikuwa wazo zuri kuliko malipo. Kijana aliyeamka na kuwakuta wenzake 30 wakimsubiri na majembe amepata sababu ya kuamka, na sababu hiyo haiishi bajeti ya kaunti inapoisha, ikiwa wenzake bado wapo.

Vikao sita vya Kiswahili, Eldoret

Watafiti waliofanya kazi na mpango wa AMPATH mjini Eldoret waliwagawa wagonjwa 614 wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wanaokunywa kupita kiasi. Nusu waliwekwa katika vikundi vya kujifunza namna ya kukataa pombe, nusu nyingine vikundi vya elimu ya afya kwa jumla. Vikao vilikuwa sita, kimoja kila wiki, kila kimoja dakika 90, kwa Kiswahili, wanawake peke yao na wanaume peke yao. Waliowaongoza hawakuwa madaktari wa akili bali washauri wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Mradi uliitwa RAFIKI.

Makundi yote mawili yalipunguza unywaji, na kundi lililofunzwa kukataa pombe likapunguza zaidi. Kwa nchi ambayo madaktari wa akili wamejazana Nairobi, habari kwamba mshauri, viti vya plastiki na saa moja na nusu vinaweza kufanya kazi ni kubwa. Garissa, Wajir na Mandera zina walimu wa madrasa, wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii wanaoweza kufunzwa hivyo.

Watu 10,565 walihesabiwa

Kwa miaka mingi wapo waliokuwa na shaka na AA: mazungumzo na kahawa ni dawa gani? Mwaka 2020, maktaba ya tafiti ya Cochrane ilichapisha uchambuzi wa tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Mwaka mmoja baada ya kuanza, waliopelekwa kwenye njia ya AA na hatua 12 walikuwa wameacha kabisa kwa asilimia 42; waliopata tiba nyingine, zikiwemo za mazungumzo na mtaalamu, asilimia 35. Tena njia ya AA ilikuwa na gharama ndogo zaidi za matibabu.

Asilimia 42 maana yake ni kwamba wengi bado hawakufaulu mwaka wa kwanza. Ni vizuri kulisema hilo wazi: mlevi anayeteleza mwezi wa tatu hajafeli mtihani ambao wengine wote wamepita.

Soba hausi za Zanzibar

Mwaka 2009, Wazanzibari waliokuwa wametumia heroini wenyewe walianza kufungua nyumba za upataji nafuu, soba hausi, na mojawapo ikachukua jina la Detroit, mji wa Marekani ambako waraibu waliopona walishirikiana nao. Ratiba inafuata hatua 12. Wanaoendesha nyumba ni watu waliowahi kulala kwenye vyumba vyake. Katika visiwa ambako karibu kila mtu ni Mwislamu, adhana hukata kikao, watu hujipanga safu wakasali, kisha wakarudi kwenye mada ya hatua ya nne.

Sala na kikao hukaa pamoja. Kwa mtazamo wangu, hili ndilo somo la karibu zaidi kwa Kaskazini Mashariki: si lazima kuagiza kikao kutoka Ohio, yupo jirani wa kuuliza Unguja.

Usimfungie ndani akaache ghafla

Mlevi wa muda mrefu akiachishwa pombe ghafla anaweza kufa. Kifafa huweza kuja ndani ya saa 6 hadi 48, na kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuanza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, joto kupanda na moyo kwenda mbio. Heroini, kwa ukali wake wote, mara chache huua kwa kuachishwa, pombe huua.

Hivyo ndugu wanaomfunga kaka yao chumbani kwa nia njema wamwone daktari kwanza. Kikao kinasaidia kubaki nje ya pombe, lakini siku za kwanza ni za hospitali. Namba ya bure ya NACADA ni 1192, hupokewa saa 24.

Mtu aliyekataa shahada

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Yale kilitaka kumpa Bill Wilson shahada ya heshima. Alikataa, kama alivyokataa kuwa kwenye jalada la jarida la Time, hata kwa picha ya kisogo. Jina lake kamili lilikuja kusomwa na umma kwenye magazeti alipofariki Januari 1971. Hofu yake ilikuwa kwamba mtu mmoja maarufu akianguka, kundi zima litaanguka naye.

Katika mji ambao mtoto mdogo anaweza kukutajia mababu zake kumi na ukoo wa mama, kuficha jina ni kazi kubwa kuliko New York. Mlevi wa mji kama huo hubeba aibu ya watu wengi mabegani. Anayeweza kumpunguzia ni yule ambaye naye ana aibu ileile na hana sababu ya kuitangaza.

Wawili wanatosha

Kanuni za AA zinasema watu wawili au watatu waliokutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kundi, bila leseni, bila jengo, bila mwenyekiti. Na aliye peke yake kabisa? Tangu miaka ya 1940 kumekuwa na wanachama wa mbali: mabaharia melini na watu wa vijiji visivyo na kundi hata moja karibu. Walifanya vikao kwa barua. Mmoja aliandika kutoka bandarini, mwingine akamjibu kutoka shambani upande wa pili wa dunia, barua ikachapishwa na kutumwa kwa wote. Leo mtandao wa simu umefika hadi Liboi, na vikao vingi vya AA hufanyika kwa simu na kwenye intaneti saa zote za mchana na usiku, kwa hiyo anayetafuta mwenzake wa pili hahitaji tena kusubiri posta.